Mshahara wa Rubani Ughaibuni: Piga Hesabu ya Kinachobaki

Vijana wa Malindi na Lamu waliosomea urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wanatafuta kazi Dubai, Doha, Kigali, hata Marekani. Nyumbani swali huwa moja: atalipwa dola ngapi? Ndugu yangu, uliza kitakachobaki baada ya kodi, nyumba na karo.

Imarati na Qatar hazitozi mshahara kodi ya mapato. Uingereza, sehemu inayozidi pauni 50,270 kwa mwaka hukatwa asilimia 40, na inayozidi 125,140 hukatwa 45, mbali na bima ya taifa. Kenya, kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35, na mshahara wote hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, SHIF, na 1.5 ya tozo ya nyumba.

Hapo Ghuba inapendeza, lakini usome mkataba mstari kwa mstari. Mashirika makubwa ya huko huyagawa malipo: mshahara wa msingi, malipo ya saa za kuruka, nyumba au posho yake, na msaada wa karo. Ukazie macho mshahara wa msingi, maana mgeni hana pensheni ya serikali, na kiinua mgongo huhesabiwa kwa huo tu. Sheria ya Imarati inampa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Tuseme msingi wako ni dirhamu 30,000: ukitoka baada ya miaka mitano unachukua 105,000. Mwenzako anapokea jumla ile ile, ila nusu ni posho. Yeye atachukua 52,500. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uliza pia kama karo italipwa watoto wakibaki kusoma Malindi. Kama hailipwi, iondoe kwenye hesabu yako.

Na uweke akiba ya miezi kadhaa. Mwaka 2020 mashirika ya Ghuba yaliachisha marubani wengi, na huko kazi ikienda, nyumba ya kampuni na kibali cha ukaazi huenda nayo.

Marekani wanalipa kwa saa, lakini kwanza uwe na haki ya kufanya kazi huko na, kwa kawaida, saa 1,500 za kuruka. Zaidi ya yote kuna namba ya ukongwe, yaani nafasi yako kwenye orodha ya waliotangulia kuajiriwa na shirika. Ukihama shirika unaanzia mkiani: kapteni anarudi kuwa rubani msaidizi, na ratiba nzuri zinawaendea waliotangulia. Kwa sababu hiyo simshauri kapteni mwenye miaka yake ahame kwa nyongeza ndogo.

Mwisho, kama unataka kujenga nyumba Shela, kisiwani Lamu. Saruji huvuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha hubebwa na punda, kwa hiyo bajeti ya Nairobi haifai Lamu. Tena ukiwa na makazi ya kudumu Kenya na ukaingia nchini hata kwa muda mfupi katika mwaka wa mapato, sheria inakuhesabu mkaazi, na mshahara wako wa nje unaweza kudaiwa kodi na mamlaka ya mapato, KRA. Muone mshauri wa kodi kabla hujamlipa fundi.