Gari la jeshi la mtumba kwenye theluji ya mlimani: kabla hujanunua, kabla hujazama

Aliyehamia nchi ya milima ya theluji akiliona lori la jeshi mnadani huvutiwa na urefu wake, magurudumu sita yanayovuta yote, na bei. Theluji haijali hayo. Kinachoamua kama utapita au utazama ni kilo ngapi zinakandamiza kila sentimita ya mraba chini yako.

Piga hesabu. Tairi hukandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Psi 50 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi) ni kama kilo 3.5 kwa sentimita ya mraba. Bv 206, gari la Sweden lenye vibanda viwili na mikanda minne ya raba, hukandamiza kwa kilo 0.14 hivi, pungufu ya mtu anayetembea. Ndiyo maana linapita juu ya theluji inayommeza mtu hadi kiunoni, huku lori la M35A2 la Marekani, karibu tani 6 likiwa tupu, likikata hadi chini na kulalia tumbo. Likishalala tumbo magurudumu hayana tena cha kukanyaga, na kukanyaga mafuta ni kuchimba kaburi tu.

Kwa gari la magurudumu, pima nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni kibuyu cha difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Theluji laini ikizidi kimo hicho, usiingie. Magari ya jeshi aina ya Unimog na Pinzgauer yana nafuu kwa sababu ekseli zake zimeinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu. M35A2 haina nafuu hiyo, na difu zake hazifungiki ili magurudumu mawili yazunguke pamoja: gurudumu moja la kila ekseli likiteleza, mwenzake husimama. Sita zinazovuta zinageuka tatu zinazozunguka bure. Breki zake nazo ni za mzunguko mmoja; bomba moja likipasuka, zote zinaondoka. Kwenye mteremko wa barafu hilo si jambo la kujaribia bahati, kwa hiyo badilisha mabomba na mipira yote ya breki kabla ya msimu.

Matairi ya zamani ya jeshi yenye vibonge vinene yanadanganya macho. Raba yake ni ngumu na haina mikato midogo ya kushika, hivyo kwenye barafu yanateleza kama sabuni. Soma tarakimu nne ubavuni: 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Yaliyozeeka yatupe. Kwenye theluji laini punguza upepo hadi psi 20 au 25, nenda chini ya kilomita 20 kwa saa, usikate kona kwa ghafla maana tairi litachomoka kwenye rimu, na uwe na kompresa ya kurudishia upepo. Cheni za theluji zivishwe kwenye matairi ya angalau ekseli moja ya nyuma na ile ya mbele. Za nyuma peke yake zinasukuma, lakini usukani unabaki pambo. Baada ya kama kilomita moja simama uzikaze upya, na uhakikishe hazigusi mipira ya breki usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.

Siri kubwa ya kazi hii haiuzwi mnadani: theluji iliyovurugwa hujiunga upya na kuganda. Pitisha chombo cha mikanda jioni, mara mbili au tatu, kwa mwendo wa polepole, kisha iache njia ilale usiku wa baridi kali. Asubuhi gari la magurudumu litapita pale ambapo jana lingezama. Tatizo huja mchana jua likiwaka, njia ikalegea na ukaanza kuikata; panga safari za mzigo alfajiri. Tabia hiyohiyo inamwadhibu anayetumia greda au buldoza: rundo ulilolisukuma leo kesho ni kama zege. Lisukume mara moja hadi mahali pake pa mwisho, upande wa mteremko na upepo uendako. Theluji ikizidi kimo cha bapa la kusukumia, ikate kwa tabaka kuanzia juu. Kabla ya msimu, pigilia nguzo ndefu kando ya barabara na penye mawe, visiki na makalavati.

Bv 206 hugeuka kwa haidroliki inayopinda kiungo kati ya vibanda, haifungi mkanda wa upande mmoja kama tingatinga. Ndiyo maana haichimbi inapokata kona. Ukikagua la kununua, tazama nyufa kwenye mikanda na uvujaji wa mafuta kwenye silinda za kiungo. Mikanda ni ghali, na kuliendesha kwenye lami kunaimaliza haraka. Buldoza ina ugonjwa wake: theluji hushindiliwa kati ya minyororo na meno ya gurudumu linaloivuta, mnyororo unakaza hadi kuumiza beringi na giaboksi za mwisho, zile zinazozungusha mnyororo. Ulegeze kidogo kuliko wakati wa kiangazi, tafuta viatu vya mnyororo (bamba zinazokanyaga ardhi) vyenye tundu katikati, na jioni isafishe kisha iegeshe juu ya mbao ili isigandane na ardhi.

Baridi huua mashine iliyolala kuliko inayofanya kazi. Magari mengi ya jeshi ni ya volti 24, betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Usichukue umeme wa redio kutoka betri moja. Hiyo itachoka na mwenzake itachajiwa kupita kiasi. Betri iliyojaa inastahimili chini ya nyuzi −50, iliyoisha inaganda na kupasuka karibu na −10. Radieta iwe na antifrizi, dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu na maji, kinga hadi −37. Dizeli ya kiangazi hutoa nta inayoziba filta, basi jaza ya msimu wa baridi kabla ya kupanda. Breki za upepo zinataka matangi yatolewe maji kila jioni. Usiegeshe kwa breki ya mkono viatu vikiwa vimelowa: vitagandia kwenye ngoma. Weka gia na vigingi vya magurudumu.

Ukikwama, zima tamaa ya kuzungusha. Kwanza chimba mbele ya magurudumu na chini ya tumbo, na fukua bomba la moshi. Likizibwa, moshi huingia kibandani, na gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu. Pasipo mti wa kufungia winchi, zika tairi la akiba mita moja chini, wima, kebo ikitoka kwenye mtaro mwembamba, shindilia na subiri robo saa igande. Puli moja huongeza nguvu mara mbili na kupunguza kasi nusu. Hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa kebo.

Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, na gari zito linaweza kuangusha theluji yake hata likipita chini yake. Soma taarifa ya siku ya maporomoko. Kila aliye ndani avae kifaa cha redio cha kilohezi 457 cha kumtafuta aliyefukiwa, awe na chepe na fito ya kuchomea theluji kumtafuta.

Leseni nayo: Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, inaishia tani 3.5, na M35 au hata Bv 206 vinazidi hapo. Uliza kwanza usajili, kwa sababu magari mengine huuzwa kwa matumizi ya nje ya barabara tu.