Kabla ya Kulipa Ada ya Uzamili wa Sayansi za Tiba Marekani: Mambo ya Kuzingatia

Marekani mtu haingii udaktari akitoka sekondari, kama ilivyo Muhimbili, Makerere au Nairobi. Anasoma kwanza shahada ya kawaida, kwa kawaida miaka minne, anafanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba, ndipo anaomba chuo cha tiba. Katikati hapo kuna kozi za uzamili wa sayansi za tiba, nyingi za mwaka mmoja, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu ambao maombi yao yangekataliwa kama yangetumwa yalivyo. Ya Georgetown ni miongoni mwa za zamani zaidi. Boston University, Tufts na PCOM ya Philadelphia nazo wanazo. Ada yake ni makumi ya maelfu ya dola. Ndiyo maana kazi kubwa ya maandalizi hufanyika kabla hata hujajaza fomu.

Anza kwa kujua tundu lako liko wapi. Waombaji wengi hukwama kwa moja ya mambo matatu: GPA ya chini (wastani wa alama, ambao Marekani mwisho wake ni 4), MCAT ya chini, au kutokuwa na saa za kutosha za kukaa na wagonjwa. Uzamili huu unagusa la kwanza tu, na hata hilo hauligusi kwa namna ambayo wengi wanafikiri. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vingi vya MD, yaani shahada ya kawaida ya udaktari, huweka alama za uzamili kwenye mstari wake wa pekee. GPA ya shahada ya kwanza haisogei hata nukta moja.

Piga hesabu. Una krediti 120 zenye GPA ya 3.1. Ukisoma uzamili wa krediti 30 ukapata 3.8, kamati itaona 3.1 hapa na 3.8 pale. Ukichukua krediti hizohizo 30 kwenye masomo ya sayansi ya ngazi ya shahada ya kwanza, hata baada ya kuhitimu, ukapata A zote, mfumo unazichanganya na zile za zamani: pointi 372 jumlisha 120, gawa kwa 150, unapata 3.28. Tena kwenye chuo cha umma cha jimbo unaloishi huenda ukalipa ada ndogo kuliko ile ya uzamili. Kwa mwenye krediti chache za sayansi, njia hii ya pili mara nyingi ndiyo yenye akili. Uzamili unamfaa zaidi yule ambaye tayari amerundika krediti nyingi kiasi kwamba GPA imeganda, na sasa anahitaji kuonyesha kwamba mwanafunzi wa leo si yule wa mwaka wa pili. Kama GPA yako ni 3.7 na MCAT ni 497, usiende. Baki nyumbani usome MCAT.

Ili upate kipimo, wastani wa waliojiunga na vyuo vya MD mwaka wa masomo 2023–2024 ulikuwa GPA 3.77 na MCAT 511.7, kwenye mizani inayoanzia 472 hadi 528. Vyuo vya DO, yaani vya osteopathia, wastani wao uko chini kidogo, na wahitimu wake ni madaktari kamili wenye leseni ileile ya kutibu, kupasua na kuandika dawa. Anayeviacha vyuo hivyo kwa sababu ya jina tu anajinyima.

Kabla ya kuomba uzamili, hakikisha masomo ya msingi yamekamilika: baiolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki na fizikia, kila moja mwaka mzima pamoja na maabara, halafu baiokemia. Hapa watu huteleza. Wanadhani baiokemia ya uzamili itaziba pengo lolote, kumbe kozi nyingi za aina hii hazina maabara, na chuo cha tiba kinaweza kudai maabara ya kemia uliyoikimbia miaka sita iliyopita. Kila chuo kina orodha yake. Ya vyuo vya MD inapatikana kwenye hifadhidata ya AAMC, umoja wa vyuo vya tiba vya Marekani, iitwayo MSAR. Isome sasa, si mwakani.

MCAT nayo ipangiwe wakati wake. Ni sehemu nne na maswali 230, unaingia asubuhi na kutoka karibu jioni, ukihesabu na mapumziko. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili mfululizo, mara saba maisha yote, na kila matokeo huonekana kwa vyuo. Usiifanye pamoja na uzamili. Miezi mitatu au minne ya kusoma kwa dhati haiingii ndani ya muhula wenye fiziolojia na anatomia, na anayejaribu huishia na MCAT ya 499 na B mbili, yaani amelipa ada kuongeza uthibitisho dhidi yake mwenyewe. Ifanye kabla ya Agosti, uzamili unapoanza, au isubiri baada ya Mei, unapoisha. Kozi nyingine hudai MCAT kabla ya kukupokea, nyingine hupokea GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia uzamili, kwa hiyo hilo nalo liulize mapema.

Kalenda ndiyo inayowapotosha wengi. AMCAS hufunguliwa Mei, maombi huanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa ajili ya kuanza masomo Agosti ya mwaka unaofuata. Ukiingia uzamili Agosti na umeomba udaktari Juni hiyohiyo, vyuo vinakusoma bila alama hata moja ya uzamili. Utategemea barua za nyongeza mwezi Desemba au Januari, wakati nafasi nyingi za usaili zimeshatolewa. Ukisubiri hadi Juni ya mwaka unaofuata, alama zote zinaonekana, lakini utamaliza uzamili na kukaa mwaka mzima kabla ya kuanza udaktari. Kwa aliyeingia na GPA dhaifu, kusubiri ndiko bora. Mwaka huo upangie kazi ya hospitali tangu mapema, kama msaidizi wa wauguzi, mhudumu wa ambulansi au mwandishi wa daktari anayejaza kumbukumbu za mgonjwa. Kubeba boksi usiku kunalipa kodi ya nyumba, na kamati huheshimu mtu aliyejitegemea, lakini hakujazi saa za kukaa na wagonjwa.

Sasa wahoji wenye kozi. Tovuti ikisema asilimia kubwa ya wahitimu wetu huingia vyuo vya afya, uliza asilimia ya akina nani. Mara nyingine ni ya waliomaliza, wakafikisha GPA fulani, wakafanya MCAT, wakaomba. Walioacha katikati na waliokatishwa tamaa wasiombe hawamo. Swali sahihi ni hili: kati ya wote walioanza Agosti ya mwaka fulani, wangapi wako leo kwenye udaktari, wangapi MD, wangapi DO, wangapi wameishia kada nyingine? Uliza pia kama mnakaa darasa moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari na kufanya mitihani yao ileile. Kozi za namna hiyo zina uzito zaidi mbele ya kamati, kwa sababu alama yako inalinganishwa moja kwa moja na ya watu waliokwisha kupokelewa. Hatari yake ni hiyohiyo: ukishindwa, umeshindwa kwenye kipimo chenyewe.

Ahadi ya usaili kwa anayefikisha GPA na MCAT fulani isomwe neno kwa neno. Usaili si nafasi. Mikataba mingine hukutaka usiombe kwingine mwaka huo, na hapo unaweka yai lako la pekee kwenye kapu la mtu mwingine.

Kuhusu fedha, hali imebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Mkopo wa serikali kuu kwa shahada ya uzamili una dari ya dola 20,500 kwa mwaka. Wa vyuo vya taaluma kama udaktari ni 50,000 kwa mwaka. Na maisha yote, shahada ya kwanza ikiwemo, mwisho ni 257,500. Kila dola unayokopa kwa uzamili inakula dari hiyo kabla hujafika kwenye udaktari wenyewe. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati mikopo hii kabisa, na zaidi ya hapo vyuo vingi vya tiba havipokei wasio na uraia au green card. Vichache vinavyopokea vinaweza kudai fedha za miaka kadhaa ziwekwe mapema. Usilipe ada ya uzamili kabla hujaandika majina ya vyuo vya tiba vitakavyokubali ombi la mtu mwenye hadhi yako.

Aliyesoma shahada ya kwanza Afrika Mashariki ajue kuwa AMCAS haihakiki matokeo ya nje, na vyuo kadhaa vya tiba vinataka angalau krediti 90 za Marekani au Kanada. Uzamili wa krediti 30 haumalizi tatizo hilo. Na kama tayari una MBChB au MD ya nyumbani, kozi hii si yako. Njia yako ni ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje, na mitihani ya leseni ya USMLE.

Wa kada nyingine nao wapime. Kwa famasia uzamili huu kwa kawaida ni gharama ya bure. Hata PCAT, mtihani wa kuingilia famasia, ulifutwa Januari 2024. Kwa meno unasaidia kama tatizo ni GPA. Kwa PA, kada iliyo karibu na ofisa tabibu wetu, saa za kuhudumia wagonjwa mara nyingi ndizo zinazoamua.

Ukishaamua, jiandae kwa aina ya maswali. Mtihani hauulizi nini huongezeka mtu akitapika. Unakupa mgonjwa aliyetapika siku tatu, pH imepanda, bikaboneti imepanda, potasiamu imeshuka, na unaulizwa potasiamu imekwenda wapi. Aliyekariri atajibu imetoka na matapishi. Jibu lenye uzito ni figo: maji yamepungua mwilini, aldosteroni imepanda, figo inashikilia sodiamu na kutupa potasiamu kwenye mkojo. Maswali mengi ya namna hiyo huweza kuja wiki ya nne au ya tano tangu kufungua, na aliyezoea kusoma siku tatu kabla ya mtihani huanguka hapo. Rudia kila mhadhara jioni ileile bila kutazama karatasi, halafu baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Punguza kazi ya kibarua mwezi wa kwanza hata kama utailipia baadaye.

Kwenye uzamili C ni sawa na kufeli, na GPA chini ya 3.0 kwa kawaida inakuweka chini ya uangalizi. Siku ya kwanza tafuta kwenye kalenda ya chuo tarehe mbili: ya mwisho ya kujitoa na kurudishiwa ada, na ya mwisho ya kuacha somo kwa W, alama ya kujitoa isiyoingia kwenye GPA. Matokeo ya mtihani wa kwanza yakitoka mabaya kabla ya tarehe hizo, nenda kwa mshauri siku hiyohiyo ukiwa na karatasi yako ya mtihani mkononi.