Mshari: jinsi ya kulitumia hili neno bila kulichanganya na mgomvi au mchokozi

Kuna watu wakiona mtu kanuna tu wanasema "huyu mshari", hapana bana, mshari ana sifa zake. Mshari ni yule anaetafuta ugomvi hata pale ambapo haupo. Fikiria uko kwenye daladala, konda kachelewesha chenji ya mia mbili tu, jamaa keshavua saa kampa jirani amshikie, na konda mwenyewe kaning'inia mlangoni anaita abiria wala hajui kama ana kesi. Huyo ndo mshari.

Neno linatokana na shari, asili yake Kiarabu, maana yake ubaya, kinyume cha heri. Ndo maana madrasa unafundishwa kuamini kadari, kheri yake na shari yake, na pale hakuna habari ya ngumi kabisa. Wazee nao wakisema nusu shari kuliko shari kamili wanamaanisha balaa. Sema mtaani ukitaja shari watu washaanza kukunja mikono ya shati.

Kulitumia: mtu mmoja mshari, wengi washari. Shari yenyewe haibadiliki, shari hii, shari hizi, usiseme mashari. Inaenda na kutafuta, kuleta, kuanzisha, kama "usiniletee shari hapa", hiyo unamwambia mtu kabla mambo hayajaharibika. "Leo katafuta shari" ni ya siku hiyo tu, "ana shari" ni tabia, na ukisema "yule shari tupu" hapo umemaliza, hakuna cha kuongeza.

Sasa wanapochanganya wengi ni hapa. Mgomvi anagombana, mara nyingi kwa mdomo, na pengine sababu anayo kweli. Mchokozi anakuchokonoa halafu anakimbia, ukimshika analia, ila mshari hakimbii, anakusubiri hapo hapo. Mbabe ana misuli ya kutisha watu, wakati mshari anaweza kuwa na kilo hamsini na kila wiki anapigwa na kesho yake yupo (wa hivi mtaani kwetu hakosekani). Bondia sio mshari, yule yuko kazini.

Angalizo moja, hili neno linasemwa mtu akiwa hayupo. Ukimwambia usoni "we mshari" ndo umempa alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi, kwahiyo mwambie tu "yaishe kaka", shuka kituo kinachofuata.