Mboji isiyomleta mjumbe mlangoni: chenga za mkaa tangu siku ya kwanza

Mwezi ule nilioanza mboji hapa Kinyerezi, mjumbe alinipigia hodi mara mbili. "Mama, majirani wanalala wamefunga madirisha." Joto la Februari lote hilo! Nilikuwa naleta guta zima la ndizi zilizooza na majani ya kabichi kutoka Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, nachanganya na mbolea ya kuku wa nyama. Mtu akanishauri nimwagie majivu, eti yanakata harufu. Nikamwaga ndoo mbili. Kesho yake nilipopindua rundo, nilitokwa machozi kama niliyemenya gunia la vitunguu.

Kosa lilikuwa majivu. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na majivu hufanya kazi kama chokaa: yanaifukuza naitrojeni ipae ikiwa gesi ya amonia. Kwa hiyo harufu inayochoma pua ni mbolea yako inayeyuka hewani. Harufu ya yai bovu ni habari nyingine. Hiyo inakuambia ndani kumekosa hewa, na penye kukosa hewa ndipo vijidudu vinapotengeneza gesi ya methani. Methani yenyewe haina harufu, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, ukipima kwa miaka 100.

Mkaa unasaidia pande zote mbili. Umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vinashika amonia, na vipande vyenyewe vinaacha nafasi za hewa katikati ya uchafu uliolowa. Haumalizi gesi zote, unazipunguza. Wataalamu huuita bayochari ukitengenezwa kwa ajili ya udongo.

Mimi nachoma vifuu vya nazi vilivyokauka. Chimba shimo la umbo la faneli, upana mita moja juu. Washa moto chini, na kila vifuu vya juu vikianza kuvaa majivu meupe, ongeza tabaka jingine. Mwali wa juu unakula moshi. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi, usiache hata kaa moja. Huna nafasi? Nunua chenga kwa muuza mkaa, ila si zile alizofagia chini pamoja na mchanga. Zitie kwenye ndoo ya maji, ukoroge: mchanga na kokoto vinazama, chenga nyingi zinaelea. Majivu yanatoka na maji hayo, yamwage mbali na rundo. Na chenga zilizolowa hazikurushii vumbi puani.

Zivunje ziwe kati ya punje ya mahindi na harage. Pima kwa ndoo: moja ya chenga kwa kila kumi za uchafu na mbolea. Nyunyiza kila tabaka unapojenga. Mwanzoni nilizitandaza juu kama kifuniko, baada ya harufu kuanza, na hazikunisaidia sana, maana gesi inatoka tumboni mwa rundo. Ongeza pia maranda au majani makavu. Mkaa haushiki nafasi yake.

Rundo lifike mita moja kwenda juu. Kamata konzi, kamua: yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, ongeza vikavu. Chomeka nondo katikati. Siku ya tatu ukiichomoa isishikike kwa moto. Pindua kila wiki mwezi wa kwanza. Masika funika juu kwa turubai, pembeni acha wazi.

Yangu huiva kwa miezi mitatu hivi. Ukichekecha utakuta mkaa uko vilevile, haujaoza. Usiutupe. Vipande vikubwa mimi huvirudisha kwenye rundo jipya, vidogo vinakwenda na mboji kwenye matuta ya mchicha.