Mkupuo au Awamu: Namna ya Kuamua Unaposhinda Bahati Nasibu

Mtumishi yeyote aliyestaafu Mwanza katika miaka ya karibuni analijua neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya uzeeni, na anajua kwamba ubishi wake wote ulihusu swali moja: ni sehemu gani ya mafao itolewe kwa mkupuo, na ni sehemu gani ibaki kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa asilimia 50. Mstaafu hachagui, hesabu anaikuta imekwishapigwa. Mshindi wa bahati nasibu kubwa, hasa zile za Marekani, huchagua mwenyewe, na akishatia saini kwa kawaida hawezi kurudi nyuma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa yule aliyeshinda promosheni ya hapa nyumbani na kuambiwa achague kati ya fedha taslimu na “mshahara” wa kila mwezi kwa miaka kadhaa.

Jambo la kwanza ni kuielewa namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Katika Powerball, mojawapo ya bahati nasibu kubwa za Marekani, zawadi inayotangazwa ni jumla ya malipo 30 yanayotolewa katika kipindi cha miaka 29, la kwanza likitolewa mapema na kila linalofuata likizidi lililotangulia kwa asilimia 5. Kwa zawadi ya dola milioni 100, malipo ya kwanza ni kama dola milioni 1.5 tu, na ya mwisho hufikia takriban milioni 6.2, kabla ya kodi. Fedha iliyopo kweli siku ya droo ni ile ya mkupuo. Kinachozidi hapo ni riba itakayozaliwa fedha hiyo ikiwekezwa kwenye dhamana za serikali. Ndiyo maana droo ya Januari 2016 ilitangazwa kwa dola bilioni 1.586 na mkupuo wake ukawa milioni 983.5, yaani asilimia 62, ilhali ile ya Novemba 2022, iliyotangazwa kwa bilioni 2.04, ilikuwa na mkupuo wa milioni 997.6, ambao haufiki hata nusu. Fedha yenyewe ilikaribiana sana. Kilichopanda ni riba. Kwa hiyo anayechukua mkupuo hapunjwi nusu ya zawadi yake, kama watu wengi wanavyodhani. Anachokataa ni kumwachia mwingine kazi ya kuizalisha.

Ukilielewa hilo, swali linakuwa jepesi kulitamka: je, mimi naweza kuizalisha fedha hii, kwa usalama, zaidi ya waendeshaji wa bahati nasibu? Chukua mfano wa shilingi. Tuseme umepewa chaguo la milioni 600 kwa awamu 20 za milioni 30 kila mwaka, ya kwanza leo, au milioni 300 kwa mkupuo. Toa kwenye mkupuo ile milioni 30 ambayo ungeipata leo kwa vyovyote vile. Zinabaki milioni 270. Ukiziweka mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, utapata milioni 32.4 kila mwaka, zaidi ya awamu yenyewe, na mtaji wako bado haujaguswa. Ukiziweka mahali panapolipa asilimia 5, kisha ukawa unachota milioni 30 kila mwaka, zitakwisha baada ya kama miaka 12, wakati mwenye awamu bado anaendelea kupokea. Mpaka kati ya mambo hayo mawili, kwa mfano huu, uko karibu na asilimia 9. Kila ofa ina mpaka wake wa namna hiyo, na mhasibu yeyote mwenye kompyuta anaweza kukutafutia kwa dakika chache. Mlipe, kwa sababu namba hiyo ndiyo nusu ya uamuzi wako.

Usisahau kupanda kwa bei. Awamu zisizoongezeka hupungua nguvu mwaka hadi mwaka: bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, ile milioni 30 ya mwisho katika mfano wetu itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa milioni 14 hivi. Upande wa pili, awamu zinazolipwa kwa dola humlinda anayeishi kwa shilingi. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300 mwaka 2022 ilikuwa imevuka 2,600 katikati ya mwaka 2024, na aliyekuwa anapokea dola hakuwa na sababu ya kulalamika.

Kodi nayo iulizwe mapema, na iulizwe kwa maneno haya haya: “Kiasi hiki ni kabla ya kodi au baada ya kodi?” Marekani hukata asilimia 24 juu kwa juu kwa mkazi wake na asilimia 30 kwa mgeni asiye mkazi, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya serikali kuu ni asilimia 37. Zawadi ikiwa kubwa mno, mkupuo na awamu zote huangukia kwenye kiwango hicho cha juu, hivyo kodi haiamui mengi. Zawadi ya kati ndiyo inayoweza kuokoa kitu kwa kugawanywa katika miaka mingi.

Nusu ya pili ya uamuzi haimo kwenye kompyuta. Imo katika ukoo. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hutoka na taa zao wakati wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hukaa nchi kavu siku kadhaa kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa katika mwanga huo. Kila mama mwenye nyumba katika visiwa vya Ukerewe anajua kwamba fedha ya giza lazima ivuke mbalamwezi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mtu wa kawaida hawezi kutunza fedha nyingi inayokuja kwa mara moja. Tatizo la mkupuo ni kwamba unaonekana. Habari ikishafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kabla ya jua kuzama imeshavuka na kivuko cha Kamanga hadi Sengerema, na kesho yake asubuhi shemeji amekuja na wazo la mtumbwi na injini, mjomba na kiwanja cha Kisesa, na jirani na Hiace “inayohitaji matengenezo madogo tu”. Mwenye awamu anaweza kuwajibu kwa ukweli kwamba ya mwaka huu imekwisha. Mwenye mkupuo hana jibu hilo, asipolitengeneza mwenyewe.

Na linaweza kutengenezwa. Pendekezo langu kwa mshindi wa shilingi ambaye hesabu ya hapo juu imempa faida ni kuchukua mkupuo, kisha kuufunga kuwa awamu zake mwenyewe ndani ya wiki za mwanzo, kabla ya kununua chochote. Hati fungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali nayo ikakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu, yenye tawi hapa Mwanza, kuanzia shilingi milioni moja; muda wake hufika hadi miaka 25, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Ukinunua hati sita ambazo miezi yake ya malipo inapishana, utapokea fedha kila mwezi. Riba hubadilika kutoka mnada hadi mnada, kwa hiyo fanya hesabu kwa kiwango cha siku hiyo, si kwa alichopata rafiki yako miaka mitatu iliyopita. Asiyetaka shughuli za mnada anaweza kutumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ukiwemo mfuko wa hati fungani unaotoa gawio. Usiiache fedha yote katika akaunti moja ya benki ukisubiri kupata wazo: Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 tu kwa benki moja, hata kama ndani mlikuwa na milioni 300.

Wapo watu ambao ningewaambia wachukue awamu hata kama hesabu inaukubali mkupuo: anayeendelea kucheza kamari kila siku, anayejijua hawezi kumkatalia ndugu, na mwenye biashara iliyokwisha kumeza mikopo miwili na bado anaamini wa tatu ndio utakaoiokoa. Hao wajue pia kwamba Marekani yapo makampuni yanayonunua awamu zilizobaki kwa bei ya kutupa. Ukiuza huko, umekosa faida ya pande zote mbili.

Kabla ya kuchagua awamu, uliza nani anasimama nyuma yake. Awamu za Powerball hulindwa na dhamana zilizonunuliwa kwa ajili hiyo. “Mshahara wa miaka kumi” wa kampuni ya promosheni unaweza kuwa ni ahadi tu, na kampuni ikifilisika utapanga foleni pamoja na wadai wengine. Hapo mkupuo mdogo ni bora kuliko ahadi kubwa. Uliza pia kinachotokea ukifariki mwaka wa tano. Katika Powerball malipo yaliyobaki huingia kwenye mirathi, lakini mkataba wa promosheni unaweza kuwa kimya, na ukiwa kimya, omba kifungu kiongezwe kwa maandishi.

Huku ukifanya hayo yote, tia saini nyuma ya tiketi, ipige picha pande zote mbili, ifungie mahali salama, na uandike tarehe ya mwisho ya kudai. Marekani muda huo hutofautiana kwa jimbo, kuanzia siku 90 hadi mwaka mmoja, na muda wa kuchagua mkupuo mara nyingi ni siku 60 tu, kwa hiyo usihesabu tarehe hizo mbili kuwa moja. Ukipigiwa simu kwamba umeshinda droo ambayo hukununua tiketi yake, na utume kwanza ada ya kufungulia zawadi, hakuna cha kuchagua hapo, kata simu. Mwenye tiketi halali aandike wosia, ambao RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kuutunza, kabla ya siku ya kutia saini fomu ya malipo, na siku hiyo aende na mwenzi wake au mtu mmoja tu atakayejua akaunti ipi inapokea nini, na mwezi gani.