Somo: Kuandaa na kutumia msumeno mdogo wa diski bila kuumia

Somo hili ni la aliyenunua, au anayetaka kununua, msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi, wenye diski ya milimita 85 hadi 115. Mkubwa wake, ule wa mafundi wa kupaua, una diski ya milimita 185. Mdogo unatosha kabisa kwa makabati, rafu, milango ya jikoni na kupasua plaiwudi. Ni mwepesi, na wepesi huo ndio unaowadanganya watu: unamkuta mtu ameshika mashine kwa mkono mmoja, mbao ameikanyaga kwa mguu, na kipande anachokikata kinaning'inia hewani.

Kabla ya hatua zozote, elewa diski inavyozunguka. Upande wa mbele meno yanapanda kutoka chini kwenda juu. Mbao ikiibana diski ghafla, nguvu yote ya mota inakosa pa kwenda, na mashine inaruka juu na kurudi nyuma, yaani kuelekea kwako. Ndiyo hatari kubwa ya msumeno huu. Karibu kila ninachoelekeza hapa chini kinalenga jambo moja, mbao isipate nafasi ya kuibana diski.

Hatua ya 1: Ikague mashine ikiwa haina umeme

Chomoa waya, au toa betri kabisa. Kuzima swichi hakutoshi.

Shika kinga ya chini, lile bati linalofunika meno, ivute kisha iachie. Lazima irudi yenyewe haraka hadi mwisho. Ikisitasita, imejaa vumbi la mbao lililoshikamana na utomvu. Isafishe kwa brashi mpaka ilegee. Wapo wanaoifunga kwa waya ibaki wazi kwa sababu inawachelewesha. Usifanye hivyo, na ukiazima mashine iliyofungwa waya, fungua kwanza. Mashine hukaa sekunde kadhaa ikizunguka baada ya kuachia swichi, na kinga ndiyo inayosimama kati ya meno hayo na paja lako.

Angalia pia waya wenyewe. Palipochubuka pakafungwa kwa nailoni, badilisha.

Hatua ya 2: Diski

Diski isomwe kabla ya kufungwa. Vitu vitatu: kipenyo chake, tundu la katikati, na mizunguko ya juu inayoruhusiwa kwa dakika. Mizunguko iliyoandikwa kwenye diski iwe mingi kuliko ya mashine. Tundu likiwa kubwa kuliko ekseli, yaani mhimili unaoshika diski, usijazie kwa kipande cha bati, diski itayumba. Tafuta inayolingana.

Meno machache (tuseme 24 kwa diski ya milimita 115) yanakata haraka na kuacha kingo zenye nyuzi, yanafaa mbao ngumu za kupasua kwa urefu. Meno mengi yanakata taratibu na kuacha ukingo safi, yanafaa plaiwudi na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi).

Mshale ulio kwenye diski ufuate mshale ulio kwenye kinga, na meno ya mbele yatazame juu. Kwa kufungua nati, bonyeza kitufe cha kuzuia ekseli, kisha zungusha spana kuelekea upande uleule ambao diski huzungukia. Kufunga ni kinyume chake. Ukikumbuka hivyo hutasumbuliwa na nyuzi za nati, ziwe za kushoto au kulia, maana mashine hazifanani.

Hatua ya 3: Kina

Laza mashine kando ya mbao, legeza kitasa cha kina, shusha diski mpaka meno yatokeze chini ya mbao kwa milimita 3 hadi 5. Basi. Plaiwudi ya milimita 18 haihitaji zaidi ya milimita 22 za diski.

Mtu anayeacha diski imeshuka yote anapata hasara tatu: kuna sehemu kubwa ya diski ya kubanwa, meno mengi yanakaa wazi chini usikoyaona, na mara nyingi anakata na meza.

Hapohapo hakiki pembe. Weka skwea (kipimo cha pembe mraba) kati ya bamba la chini, lile linalolala juu ya mbao, na uso wa diski, ukikwepa ncha za meno, maana zimetanuka kupita unene wa diski na zitakudanganya. Usiamini alama za digrii zilizochorwa kwenye mashine ndogo.

Hatua ya 4: Kuegemeza mbao

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Chukua karatasi nzima ya plaiwudi, futi 8 kwa 4. Ukiiweka juu ya meza mbili ukakata katikati, uzito wa pande zote mbili unashusha katikati, mfereji wa mkato unajifunga kwa juu, diski imebanwa. Ukiiweka kwenye meza moja na kipande kikubwa kikaning'inia, karibu na mwisho kitavunjika kwa uzito wake na kuondoka na ngozi ya plaiwudi.

Njia bora ni sakafuni. Tandika mbao nne za inchi 2 kwa 4, mbili kila upande wa mstari wako, sambamba na mstari. Zile za katikati zikae kama sentimita 5 kutoka kwenye mstari. Laza plaiwudi juu. Sasa unaweza kupiga goti juu ya karatasi yenyewe, upande mmoja wa mstari, ukakata hadi mwisho. Vipande vyote viwili vitabaki palepale vilipo, hakuna kinachoanguka wala kubana.

Kwa mbao nyembamba unayoikata upana, fanya kinyume: bana upande mkubwa mezani kwa klampu, na kipande kidogo kinachokatwa kiachwe huru kianguke. Usikiegemeze pande zote mbili. Na usikishike kwa mkono.

Uso mzuri wa plaiwudi utazame chini. Meno yanatokea juu, kwa hiyo nyuzi huchanika uso wa juu. Ukilazimika kukata uso mzuri ukiwa juu, bandika tepu ya karatasi juu ya mstari na ukate juu ya hiyo tepu.

Hatua ya 5: Kiongozi cha kutengeneza mwenyewe

Mkono pekee haukati mstari wa futi 4 ukanyooka. Na mstari unaopinda si suala la urembo tu: ukijaribu kuurekebisha katikati ya safari, diski inajibana kwenye mfereji wake wenyewe.

Tafuta kipande cha plaiwudi ya milimita 3, upana wa sentimita 25, urefu sentimita 130. Juu yake gundisha ufito ulionyooka, mwembamba usiofika kwenye tumbo la mota, ukiacha upande mmoja nafasi pana kuliko bamba la mashine. Gundi ikikauka, telezesha mashine bamba likiwa limeegemea ufito na ukate plaiwudi iliyozidi. Ukingo uliobaki ndio hasa diski inapopita. Kuanzia siku hiyo unaweka ukingo huo juu ya alama ya penseli, unabana klampu mbili, unakata.

Kwa nini milimita 3? Mashine nyingi za diski ya 85 hukata kina cha milimita 25 au zaidi kidogo. Ukitumia plaiwudi ya milimita 6 unabakiwa na 19, na ubao wako ni 18, yaani meno yatatokeza milimita 1 tu. Haitoshi.

Kumbuka diski inakula milimita 1 hadi 2 za mbao. Kiongozi kikae upande wa kipande unachokitaka, diski ikate upande wa taka. Kisha, umeme ukiwa bado umechomolewa, pitisha mashine safari nzima uone kama mota inagonga klampu.

Hatua ya 6: Kukata

Miwani machoni. Kinga ya masikio pia. Kelele ya mashine hizi hupita desibeli 85, na ukiisikia kwa saa nyingi inaharibu usikivu. Glavu za kitambaa acha, jino likidaka uzi linavuta na kidole.

Simama au piga goti kando ya mstari wa diski, kamwe si nyuma yake. Waya upite begani au nyuma yako. Bamba likae juu ya mbao, diski ikiwa haijagusa. Washa, subiri mzunguko ufike kamili, ndipo usukume. Mwendo uusikilize: sauti ya mota ikishuka na kuwa nzito, unasukuma sana. Ikiwa nyororo na vumbi linatoka kama chenga, uko sawa. Ukiona vumbi laini kama unga na harufu ya kuungua, unakwenda polepole mno au diski imekwisha makali.

Ikianza kubana, achia swichi na uishikilie mashine palepale mpaka diski isimame. Usiivute nyuma ikizunguka. Ikisimama, itoe, chomeka kabari ndogo ya mbao kwenye mfereji nyuma, anza upya. Hii hutokea sana kwa paini mbichi ya Mufindi, Iringa, iliyotoka kupasuliwa: ina maji na mkazo ndani, mfereji unajifunga nyuma ya diski hata kama umeegemeza vizuri.

Ukimaliza, usiiweke chini mpaka diski imesimama na kinga imefunga.

Maswali ya wanaofuata somo hili, kila moja na mji wa anayeuliza

*Tabata: Shikamoo fundi. Mimi nimefunga diski ya meno kwenye grenda, miaka inaenda sasa na sijaumia. Kuna haja gani ya kununua mashine nyingine?*

Marahaba. Ndugu yangu, nakuomba uifungue leo. Grenda ya kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 115 kwa mwendo huo, ncha za meno zinakwenda karibu mita 66 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Misumeno midogo mingi haifiki mizunguko 5,000. Tena grenda haina bamba la kutulia juu ya mbao, haina kinga inayojifunga, na nyingi swichi yake hubaki imewaka hata ikikuponyoka. Jino moja likikwama kwenye fundo la mbao, hakuna mkono wa kuizuia. Kutoumia mpaka sasa hakukupi dhamana ya kesho. Grenda iachie chuma na vigae.

*Kisumu: Naweza kukata 2 kwa 4 kwa hii ya 85?*

Kwa mpigo mmoja, hapana. Unene wa milimita 50 unahitaji kugeuza na kukata pande mbili, na kina cha 25 hakikupi nafasi ya kukosea. Kwa kazi ya kupaua tafuta ya 165 au 185.

*Tanga: Fundi, mimi ni dada, navaa ushungi na dera kazini. Nivae nini bila kuacha stara?*

Swali zuri sana, dada. Ushungi wa kushona usioning'inia, ncha zake zichomekwe ndani ya nguo ya juu, na juu yake aproni nzito iliyofungwa nyuma. Dera ni pana mno kwa mashine hii. Ukiinama linatangulia mbele. Vaa suruali na kanzu fupi yenye mikono inayobana kwenye vifundo vya mikono. Na wanaume wenye fulana pana, mikufu na kamba za kofia, hili linawahusu pia.

*Mwanza: Mjomba kaniletea msumeno wa Japani, umeandikwa volti 100, wati 1050. Nichomeke?*

Usichomeke moja kwa moja. Umeme wetu ni volti 230, mota itaungua mara moja. Nunua transfoma ya kushusha inayotoa volti 100, yenye uwezo wa VA 1,500 na kuendelea, maana mota ikianza huvuta zaidi ya kilichoandikwa. Vile vigeuzi vyepesi vya mfukoni ni vya pasi na vikausha nywele, havifai mota. Tofauti ya hezi 50 na 60 (kasi ya mawimbi ya umeme) isikutie hofu, mota za kaboni, zenye vipande vya kaboni vya kupitisha umeme, hazijali. Waya wa kuongezea uwe wa milimita 1.5 za mraba au zaidi, na ukiwa wa kuzungusha kwenye rola, ufunue wote. Ukibaki umejikunja unapata joto.

*Morogoro: Nikikata mvule napiga chafya siku nzima. Kitambaa mdomoni kinatosha?*

Hakitoshi. Vumbi la mvule linawasha kweli, la mkongo na mninga pia. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya matundu ya pua. Tumia barakoa ya N95 au FFP2 inayobana usoni, kata nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Na usifagie vumbi likiwa kavu. Nyunyizia maji kwanza.

*Arusha: Yangu inatoa cheche nyingi nyuma ya mota na mara nyingine haiwaki.*

Hizo ni kaboni zimekwisha. Chomoa umeme, fungua vifuniko viwili vya pembeni, zitoe. Zikibaki kama milimita 5 au zimefika kwenye alama, badilisha zote mbili kwa pamoja. Nenda dukani na ya zamani mkononi, maana ukubwa hutofautiana na ikiingia kwa kulazimishwa itakwama. Zikishakaa, iwashe bila kukata kitu kwa dakika chache zipate kujilaza vizuri, ndipo uipe kazi. Cheche zikiendelea kuzunguka mota yote, tatizo liko kwenye ameche, ile sehemu ya mota inayozunguka. Mpelekee fundi wa kusuka mota.