Soriasisi ya viungo: ugali upakuliwe mwisho
Kama soriasisi (ugonjwa wa ngozi kuwa na mabaka yenye magamba) imekuingia kwenye viungo na una uzito uliozidi, badili mpangilio wa kupakua: mchicha au kisamvu (nazi kidogo tu!) nusu ya sahani, kisha maharage au dagaa, ugali uzibe pengo linalobaki. Si kwamba mchicha ni dawa. Mafuta ya tumboni hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na magoti hubeba kila kilo. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 hadi 9, mara nyingi hata dawa humfanyia kazi vizuri zaidi. Soda ikibaki mezani umejisumbua bure. Aliye mwembamba asitarajie makubwa. Na kidole kikivimba kama soseji, nenda kwa daktari, na kama unatumia methotreksati (dawa ya kutuliza ugonjwa huu), usiiache.